UZI: Kumaliza mradi wa uzamili wa usanifu wa kuhuisha eneo la jamii, kuanzia kiwanja hadi siku ya utetezi

#1 MchoraRamani

Habari za jioni wakuu. Msimu wa kuwasilisha miradi ya uzamili unakaribia, na kila mwaka maswali yanajirudia, kwa hiyo tuyakusanye hapa. Uzi huu ni wa miradi ya kuhuisha eneo la pamoja kwenye makazi yasiyopangwa: maji, choo cha umma, vibanda vya biashara, ukumbi mdogo wa mtaa na mahali pa watoto kucheza, ndani ya kiwanja kimoja.

Tusiongee hewani. Chukueni mfano huu, wote tuutumie: kiwanja cha mita 40 kwa 30, yaani mita za mraba 1,200, katika mtaa wa Dar es Salaam. Kaskazini yake kuna kijito kinachomwaga maji mto Msimbazi, na ukingo wa kiwanja uko mita 35 kutoka kwenye maji. Urefu wa mita 40 unatoka kaskazini kwenda kusini, na barabara ya gari iko huko kusini tu. Watumiaji wa choo ni 150 kwa siku. Mafuriko ya mwisho yaliacha alama ukutani kwa jirani, sentimita 60 kutoka ardhini.

Miradi hii huangushwa na mambo matatu: ardhi ni ya nani, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na ufunguo anashika nani. Jopo la watahini huuliza hayo kabla ya kuuliza umbo la jengo. Majibu yasipoonekana kwenye michoro, picha nzuri za kompyuta haziokoi kitu.

Ratiba ya muhula wa wiki 16 ninayoipendekeza ni hii. Wiki ya 1 hadi ya 4 ni za eneo na watu. Wiki ya 5 andika orodha ya vyumba na ukubwa wake, kisha usiiguse bila idhini ya msimamizi. Wiki ya 6 hadi ya 10 unabuni. Wiki ya 10 ikiisha, funga kubuni. Zinazobaki ni za mikato (michoro inayoonyesha jengo likiwa limekatwa wima), maelezo ya ujenzi, ripoti na kuchapa. Anayehamisha choo wiki ya 13 hulazimika kubadili msingi, mabomba, mkato na jedwali la gharama, na jopo litaona sehemu ambayo haikubadilishwa.

#2 Sheria_na_Ardhi

Naanza na ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au kijito. Katika mfano wetu kijito kiko mita 35 kutoka ukingo wa kiwanja, kwa hiyo mita 25 za kwanza zimo ndani ya ukanda huo. Inabaki mita 15 upande wa barabara kwa upana wa mita 30, sawa na mita za mraba 450. Hapo ndipo jengo lako litakaa. Chora mstari wa mita 60 kwa rangi nyekundu kwenye ramani ya kwanza kabisa, na uuache uonekane kwenye kila ramani inayofuata.

Pili, uliza hadhi ya kiwanja ofisi ya mipangomiji ya halmashauri. Kama ramani ya mipangomiji imekiandika kuwa eneo la wazi, msimamizi wake ni halmashauri, na ukumbi wa kudumu utaleta hoja ya kubadili matumizi. Kama wakazi wana leseni za makazi, kumbuka leseni hiyo chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 hutolewa kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 5. Jengo la zege la miaka 50 juu ya haki ya miaka 5 linahitaji maelezo, angalau ukurasa mmoja kwenye ripoti.

Kuhusu vibali vya kuingia mtaani: barua ya chuo iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, ishuke kwa mtendaji wa kata, halafu mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti na wajumbe wa mashina wapewe nakala. Ukianza na mjumbe na kumruka mtendaji, kazi ya wiki mbili inaweza kusimamishwa kwa simu moja.

#3 Nuru_wa_Keko

Mkuu Sheria_na_Ardhi, je, kiwanja kikiwa CHOTE ndani ya mita 60 mtu afanyeje? Abadili kiwanja?

#4 MchoraRamani

Dada, hapana. Gawanya mahitaji. Vinavyoweza kulowa na kukauka bila hasara vikae kwenye ukanda: miti, viti vya mawe, uwanja wa mchanga, njia za kupita. Choo, stoo na umeme vitafutiwe kipande kingine cha juu, hata kiwe mita za mraba 80 kando ya ofisi ya serikali ya mtaa. Mradi wenye vipande viwili vilivyounganishwa na njia nzuri ya miguu unatosha kabisa kwa uzamili.

#5 Mzee_wa_Mipango

Hapo tunatofautiana kidogo, kijana wangu. Kipande cha pili kina mwenyewe, na mwanafunzi ana wiki 4 tu za kumtafuta na kuelewana naye. Akikosa, orodha ya vyumba inaanza upya. Mimi ningemwambia abadili kiwanja wiki ya 2, mapema, kuliko kukigawa wiki ya 6. Ukishindwa kupata jibu la umiliki hadi Ijumaa ya wiki ya 2, ondoka.

#6 MchoraRamani

Nakubaliana na tarehe hiyo, mzee. Wiki ya 2 iwe mwisho.

#7 TakwimuMtaani

Kuhusu kukusanya taarifa. Ramani ya msingi usiipime upya yote. Ramani Huria, mradi wa ramani shirikishi ulioanza Dar mwaka 2015, ulichora mitaa inayofurika ukishirikiana na wanafunzi na wakazi, na data ziko bure kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni. Pakua, kisha tembea na karatasi ya A3 urekebishe. Kinachobadilika haraka ni vibanda, uzio na mifereji iliyozibwa.

Pima mwenyewe vitu vinne: miinuko ya ardhi kwa gridi ya mita 5 (kwa kiwanja chetu ni pointi 63), alama za mafuriko kwenye kuta zisizopungua tano, kina cha maji ya ardhini kwenye kisima kilicho karibu, na upana wa njia pale inapobana zaidi. Wengi hupima upana wa wastani, na hilo ni kosa. Gari la kunyonya majitaka linakwama kwenye kona moja yenye mita 2.4, hata kama njia nzima ina mita 4.

Hesabu watu siku tatu: siku ya kazi, Ijumaa, na Jumamosi au Jumapili. Saa 12 hadi 2 asubuhi, saa 6 hadi 8 mchana, saa 10 hadi 12 jioni, na saa 2 usiku. Ijumaa mchana eneo lililo karibu na msikiti hubadilika kabisa, na usiku ndio utajua kama wanawake wanapita hapo au wanazunguka. Weka alama kwenye ramani kila dakika 30: amekaa, amesimama, anauza, anateka maji, anacheza. Tofautisha watoto na watu wazima, wanawake na wanaume.

Mikutano ifanyike kwa makundi yaliyotengwa: kinamama, vijana wa kijiwe, wenye vibanda, wazee, wapangaji. Wapangaji ndio husahaulika, na mara nyingi ndio wengi. Kwenye mkutano wa pamoja mwenye nyumba akishaongea, mpangaji wake hanyanyui mkono.

Wenzetu wa Nairobi wana mfano mzuri. Mukuru, makazi yasiyopangwa ya huko, ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na ili sauti zifike, ushirikishwaji ulijengwa kuanzia kwenye vikundi vya kaya kumi kumi vyenye wawakilishi. Mwanafunzi hawezi kufanya ukubwa ule, lakini anaweza kuchukua kaya kumi kwa kila upande wa kiwanja. Hizo ni kaya 40, zinahojika ndani ya siku sita.

#8 Fundi_Bomba_DSM

Sasa maji. Hapa ndipo michoro mingi inasema uongo bila mchoraji kujua. Mtu anaandika “maji ya mvua yatatumika chooni”, halafu hakuna hesabu.

Paa la mfano wetu tuliweke mita 24 kwa 10, yaani mita za mraba 240. Dar hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. 240 × 1.1 × 0.85 = mita za ujazo 224. (Hiyo 0.85 ni kwa sababu si tone lote la juu ya bati linafika tenkini.) Matumizi: watu 150 × lita 5 za kumwagia na kunawa = lita 750 kwa siku, sawa na mita za ujazo 274 kwa mwaka. Tayari mvua haitoshi, hata ungehifadhi kila tone.

Mbaya zaidi ni Juni hadi Septemba. Tuseme mvua ya miezi hiyo minne ni milimita 120. Paa linakupa mita za ujazo 24 hivi, mahitaji ni 91. Kuziba pengo hilo kwa tenki pekee unahitaji hifadhi ya lita 67,000, karibu matenki 14 ya lita 5,000. Kiwanja kitageuka ghala la matenki. Kwa hiyo sema ukweli kwenye mchoro: bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) ndilo chanzo kikuu, mvua ni msaada wa masika na vuli. Matenki mawili ya lita 5,000 yanabeba siku 13 bomba likikatika. Hilo ni jibu ambalo mtahini yeyote atalipokea.

Vitu vidogo vinavyoharibu:

Gata. Kanuni rahisi ni sentimita 1 ya mraba ya eneo la mkato wa gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Kila upande wa paa letu una mita za mraba 120, unahitaji sentimita za mraba 120. Gata la nusu duara la inchi 5 lina kama 63 tu. Masika ya kwanza maji yataruka juu yake na kuchimba msingi. Tumia gata la boksi la sentimita 15 kwa 10.

Maji ya kwanza ya mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe: nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo chombo cha lita 120 kabla ya tenki, chenye kizibo cha kufungulia chini.

Tenki la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Usilichore juu ya paa la mbao. Liweke kwenye mnara wa zege wa mita 3, utapata msukumo wa kutosha kwa vyoo na bomba la kunawia bila pampu.

#9 Nuru_wa_Keko

Na majitaka? Eneo la bondeni maji ya ardhini yako juu.

#10 Fundi_Bomba_DSM

Swali zuri dada. Shimo la kunyonyea ardhini lisahau kama maji ya kisima yako kwenye kina kisichofika mita 2. Shimo litajaa kutoka nje kuingia ndani. Njia zinazobaki ni mbili. Kwanza, kuunganisha kwenye mtandao mwembamba wa majitaka kama upo. Baadhi ya mitaa ya Vingunguti walishaujenga kwa kushirikiana na wakazi, mabomba madogo ya kina kifupi yanayopita katikati ya nyumba. Pili, tenki lililozibwa kabisa, likae upande wa barabara, na chemba ya kunyonyea isizidi mita 30 kutoka gari linaposimama. Chora gari lenyewe kwenye ramani kwa kipimo chake. Kama gari halifiki, onyesha pampu ya mkono na mahali pa kupakia mapipa.

Na tenki tupu lililozikwa kwenye maji huelea. Liwekewe jamvi zito la zege linalotokeza nje ya kuta, ili udongo ulikandamize. Kosa hili linaonekana mara moja kwenye mkato wa 1:20, ndiyo maana wengine hawauchori.

#11 Kusi_na_Kaskazi

Nichangie hali ya hewa, maana “jengo linapitisha hewa” huandikwa bila namba.

Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba liko kusini, nyuzi 73. Ukiwa na uwazi wa urefu wa mita 2.1, uchomozi wa paa upande wa kaskazini uwe mita 1.2 na kusini mita 0.65 ili jua la adhuhuri lisiingie. Weka kusini 0.8 kwa ajili ya mvua ya upepo. Kwa hiyo paa la mita 10 linafunika jengo la mita 8, na kwa urefu, nguzo zenye nafasi sita za mita 3.7 zinakupa 22.2, ukiongeza 0.9 kila ncha unafika 24. Ndani una mita za mraba 178: ukumbi 70, vibanda vinne vya mita za mraba 9 kila kimoja, vyoo 40, ofisi ya kamati na stoo 12, zinazobaki ni kuta na korido.

Bahati ya kiwanja hiki ni kwamba ukanda wa kujenga umelala mashariki hadi magharibi. Kijito kingekuwa mashariki, jengo refu lingetazama jua la asubuhi na la jioni, na hakuna uchomozi wa paa unaozuia jua la saa 10. Hapo ungelazimika kulivunja vipande vitatu vinavyopishana.

Kusi na kaskazi zote zipite ndani: matundu ya kuta pande mbili zinazotazamana, ya chini kwenye kimo cha mtu aliyekaa, ya juu chini ya kenchi. Choo kisikae upande unaovumia upepo kwenda ukumbini. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo choo kikae ncha ya magharibi.

#12 MkadiriajiMajenzi

Naona hakuna aliyegusa kimo cha sakafu. Alama ya mafuriko ni sentimita 60, ongeza 30 za usalama, sakafu iwe mita 0.9. Rampu ya 1:12 inakuwa mita 10.8, pamoja na kituo cha mita 1.5 katikati ni mita 12.3. Watu huichora mwishoni na kukuta haina pa kukaa. Ilaze sambamba na jengo upande wa barabara, na ukuta wake uwe baraza la kukalia. Hapo gharama moja inafanya kazi mbili, na Waswahili baraza tunalijua.

Kujaza kimo hicho, ukitoa sentimita 15 za jamvi, chini ya mita za mraba 178 ni kama mita za ujazo 133 za kifusi, karibu safari 19 za lori la mita 7. Iandike kwenye makadirio, maana wengi huanza kuhesabu kutoka kwenye jamvi kwenda juu.

Kuta: tofali za kufungamana zilizohimizwa na NHBRA (wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi) zina milimita 300 × 150 × 100. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 33 na kidogo. Kuta za mita za mraba 180, ukitoa milango na madirisha, ni tofali 6,000, ongeza asilimia 5 za kuvunjika, 6,300. Udongo upimwe kabla ya kuahidi kwamba utachimbwa papo hapo. Boksi la mbao la sentimita 60 × 4 × 4, jaza udongo mbichi, kausha, pima ulivyosinyaa. Ukisinyaa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Ukifika 45 unaelekea 1 kwa 12, na bei inapanda. Tofali zimwagiliwe na kufunikwa siku 7 za mwanzo. Zikikaushwa juani zinapasuka pembeni na hazifungamani tena. Na safu tatu za chini, zinazoweza kuguswa na maji, ziwe za tofali za saruji.

#13 Mzee_wa_Mipango

Sasa ufunguo. Angalieni miradi ya maeneo ya umma ya Kibera iliyofanywa na Kounkuey Design Initiative, shirika lililoanzishwa 2006. Pamoja na vyoo, uwanja na vibanda, vikundi vya wakazi ndivyo vinavyoendesha, na shughuli zinazoingiza kipato zinabeba zile zisizoingiza. Jambo hilo lazima lionekane kwenye mpango wa sakafu. Nani anafungua saa 11 alfajiri? Anakaa wapi akiona milango yote ya vyoo na geti kwa pamoja? Pesa inahifadhiwa wapi?

Fanyeni hesabu ndogo. Watu 150 × shilingi 200 ni 30,000 kwa siku, 900,000 kwa mwezi. Wahudumu wawili wa zamu kwa 250,000 kila mmoja, inabaki 400,000 ya maji, sabuni, kunyonya tenki na matengenezo. Nendeni DAWASA na kwa wenye magari mkaulize bei za sasa, mzitoe humo. Sasa punguzeni watumiaji hadi 90: mapato yanakuwa 540,000, na baada ya mishahara inabaki 40,000 tu. Hapo ndipo kodi ya vibanda vinne inapopata kazi, na ndipo unaweza kumjibu mtahini kwa nini vibanda ni vinne na si viwili. Mtoto na mzee wasiojiweza waingie bure, na hilo pia lihesabiwe.

#14 Wino_wa_A1

Upande wa kuwasilisha. Mbao 8 za A1 zinatosha: eneo kwa 1:2500 na 1:500, mpango wa sakafu 1:100, mikato miwili (mmoja wa jengo kwa 1:50, mwingine kwa 1:100 upite kwenye rampu, choo, tenki na kijito kwa mstari mmoja), maelezo ya ujenzi 1:20, mchoro wa maji, mchoro wa uendeshaji wa saa 24, na hatua za ujenzi. Mistari ya sehemu zinazokatwa na mkato unene wa milimita 0.5, ya kawaida 0.25, ya mbali 0.13. Mkato wa kijito ndio ubao wa kwanza kutazamwa, upeni nafasi kubwa.

Ripoti na michoro viunganishwe na jedwali moja la safu nne: kilichoonekana, maana yake, uamuzi, namba ya mchoro. Kwa mfano: wanawake hawapiti baada ya saa 2 usiku, njia ya nyuma haina mwanga wala macho, kibanda na taa vimewekwa mdomoni mwa njia, mchoro namba 04. Safu ikikosa namba ya mchoro, ama chora ama futa.

Steshenari: peleka PDF yenye fonti zilizopachikwa, usipeleke faili la programu. Chapa kipande cha A4 kwanza uone kama kijivu cha ardhi kinatoka au kinapotea. Fanya siku 4 kabla, kwa sababu kipindi cha kuwasilisha foleni ni ndefu na umeme unaweza kukatika.

#15 Nuru_wa_Keko

Asante sana wakuu. Modeli ifanywe kwa kipimo gani? Na nikichapa nakala za A3 za watahini, vipimo vya michoro vinabaki?

#16 Wino_wa_A1

Modeli mbili. Ya mtaa kwa 1:500: eneo la mita 200 kwa 200 linakuwa sentimita 40 kwa 40, unaibeba kwenye daladala. Kwa 1:200 ingekuwa mita nzima kila upande. Ya pili ni kipande cha jengo kwa 1:50, nafasi mbili tu za nguzo, sentimita 15 kwa 20 hivi, paa linatoka, gata na kenchi vinaonekana.

Vipimo havibaki. A1 ikipunguzwa hadi A3 kila urefu unakuwa nusu, kwa hiyo 1:100 inasomeka 1:200 na 1:50 inakuwa 1:100. Weka mstari wa kipimo chini ya kila mchoro, huo unapungua pamoja nao. Na maandishi yasipungue milimita 4 kwenye A1, maana kwenye A3 yatakuwa 2.